Baiskeli za umeme: Tusipime mota tukasahau tairi

SERIKALI nyingi za ukanda huu zimeingia katika mbio za umeme. Tangu Januari 2025, Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria jijini Kigali. Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri mwaka 2023. Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo zilitia saini makubaliano ya kutengeneza betri kwa pamoja, Aprili 2022, kwa kuwa shaba na kobalti vimo ardhini mwao.

Hayo ndiyo yanayosemwa mikutanoni. Lakini mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kununua pikipiki mpya ya umeme kutoka dukani. Anachoweza ni kuagiza mota, kontrola na betri, kisha fundi wa mtaani akavifunga kwenye baiskeli aliyonayo. Chombo hiki cha kujitengenezea hakimo katika hotuba, na mara nyingi hakimo katika sheria. Ndicho kinachostahili kujadiliwa mapema, kabla hakijajaa barabarani.

Tuichukue Nchelenge kama kipimo. Mji huu uko kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, ng'ambo ya pili ikiwa Kongo. Kiswahili cha Katanga kinavuka ziwa hilo pamoja na wachuuzi na samaki. Soko kubwa liko Kashikishi, na mojawapo ya bidhaa zake ni chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, wanaoanikwa na kusafirishwa hadi miji ya migodi ya nchi zote mbili. Barabara kuu ya kwenda Mansa ina lami, lakini samaki hawavuliwi kwenye lami. Kutoka ufukweni hadi barabarani ni mchanga, na anayeubeba mzigo huo mara nyingi ni baiskeli.

Mahali kama hapo mota ya umeme ingekuwa ukombozi. Mchuuzi asingesukuma gunia kwa miguu, wala asingelia na bei ya petroli. Betri ya volti 72 na ampia-saa 20 inabeba takriban yuniti moja na nusu ya umeme, kiasi ambacho paneli ya jua ya wati 300 inaweza kukijaza kwa saa tano au sita za jua kali. Hilo si dogo katika nchi ambayo ukame wa mwaka 2024 ulilishusha bwawa la Kariba, hata nyumba nyingi zikapata umeme kwa saa chache tu kwa siku.

Tatizo linaanzia kwenye swali ambalo kila mnunuzi huuliza kwanza: "Mota hii ina wati ngapi?" Wati zinaeleza chombo kinaweza kufanya kazi kiasi gani kwa muda fulani. Hazielezi kitachomokaje kikiwa kimesimama, wala kama tairi litashika ardhi.

Injini ya petroli ina namna yake ya kumsubirisha dereva. Ikiwa inazunguka polepole nguvu yake ni ndogo. Lazima iongezewe moto, klachi iachiwe taratibu, gia zipandishwe. Mota ya umeme haina subira hiyo. Nguvu yake kubwa ya kuzungusha gurudumu inapatikana pale pale inapoanza, kasi ikiwa sifuri. Mpanda baiskeli aliyezoea kukanyaga pedali anapozungusha mkono kwa pupa, anapewa kila kitu kwa mara moja.

Tufanye hesabu nyepesi. Dereva ana kilo 70, baiskeli na betri yake kilo 40. Jumla ni kilo 110, na tuseme kilo 66 kati ya hizo zimelalia tairi la nyuma, lenye mota. Kwenye lami kavu tairi huweza kusukuma kwa nguvu inayofikia kama asilimia 70 ya uzito uliolilalia, yaani kilo 46 hivi. Kwenye mchanga mkavu au changarawe, kiasi hicho hushuka hadi kama asilimia 30, yaani kilo 20.

Sasa mota ya wati 3,000, ikiwekewa kontrola isiyobanwa, inaweza kusukuma gurudumu la kawaida kwa nguvu ya kilo 30 kutoka kusimama. Kwenye lami tairi linaishika nguvu hiyo, na baiskeli inafika kilomita 34 kwa saa kwa muda usiozidi sana sekunde tatu na nusu. Kwenye mchanga mota imelishinda tairi. Hata tukihesabu uzito unaohamia nyuma wakati wa kuchomoka, haufiki. Tairi linazunguka bure, linachimba, sehemu ya nyuma inateleza kando na dereva yuko chini.

Hapa ndipo pana mtego usioonekana. Mweke mchuuzi yule yule gunia la kilo 50 la samaki kwenye keria. Uzito wa nyuma unakuwa kilo 116, na tairi sasa linaweza kushika hadi kilo 35 kwenye mchanga ule ule. Baiskeli inapanda vizuri kutoka ufukweni, mchuuzi anakisifu chombo chake na mkono unazoea kuzungusha hadi mwisho. Jioni anarudi bila mzigo, kwa njia ile ile na kwa mazoea yale yale, na anaanguka. Ataambiwa ni uzembe, kumbe ni mzigo alioushusha sokoni.

Kuna hatari ya pili. Breki za baiskeli ya kawaida zilikusudiwa mwendo wa mtu anayekanyaga. Kasi ikiongezeka maradufu, kutoka kilomita 25 hadi 50 kwa saa, umbali wa kusimama hauongezeki maradufu bali mara nne. Kwenye lami kavu mita tano zinakuwa karibu 20, na kwenye mchanga zinazidi 30. Mota kubwa nayo husokota ekseli yake hadi ikatoka kwenye fremu, hasa kama fremu ni ya aluminiamu na fundi hakuweka chuma cha kuizuia. Mota ikifungwa mbele ndiyo balaa zaidi, kwa maana mlimani tairi la mbele ndilo jepesi, na foku haikuundwa kuvutwa.

Je, dawa ni kupiga marufuku? Hapana. Atakayeumia ni yule asiye na njia nyingine. Je, tunakili sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo inaihesabu kuwa baiskeli ile tu yenye mota isiyozidi wati 250 inayokoma kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa? Sheria hiyo ina busara kwa barabara za lami na mtu asiye na mzigo. Kwa gunia na kilima cha mchanga wati 250 ni chache, na sheria isiyotekelezeka huvunjwa siku ya kwanza.

Kinachohitajika ni kupima chombo kizima. Kontrola ipangwe iachie nguvu taratibu. Kontrola nyingi za kisasa zina uwezo huo na gharama yake ni dakika chache za fundi. Tairi liwe pana na lisijazwe upepo hadi likawa jiwe. Mota ifungwe nyuma, ekseli ifungiwe chuma, breki ziwe za diski au za ngoma. Kinachopita kasi ya baiskeli kisajiliwe kama pikipiki, na dereva wake avae kofia ngumu. Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya VETA hapa Tanzania na TEVETA kule Zambia vinaweza kumfundisha fundi wa mtaani kazi hii na kukikagua chombo kabla hakijatoka, kikiwa na mzigo na kikiwa kitupu.

Tusisahau tulikotoka. Bodaboda ziliingia nchini kwa wingi miaka ya 2000, na kanuni za kuzipa leseni zikaja mwaka 2010, wakati wodi za mifupa zilikwisha kupokea vijana wengi waliovunjika miguu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watunga sheria walisubiri chombo kienee ndipo wakiangalie.

Safari hii tuna nafasi ya kutangulia. Mota zinazidi kuwa rahisi na mafundi wapo. Mchuuzi wa samaki hatasubiri semina, atafunga anachokipata, kwa sababu ada ya mtoto imo ndani ya lile gunia.