Hodi ya Hila

Mwaka 1997 Michael Haneke, mtengenezaji filamu wa Austria, alitoa filamu iitwayo Funny Games. Vijana wawili waliovaa glavu nyeupe wanafika kwenye nyumba ya mapumziko kando ya ziwa. Mmoja anaomba mayai. Kwa ombi hilo la kijirani anapokewa. Kisha baba, mama na mtoto wanateswa na kuuawa. Mwaka 2007 Haneke huyo huyo aliirudia kwa Kiingereza, karibu picha kwa picha, ili iwafikie Wamarekani.

Wako wamteteao. Husema kuwa nia yake ni kumsuta mtazamaji apendaye damu; ndiyo maana muuaji mmoja humsemesha mtazamaji, na mama ampigapo risasi muuaji wa pili, yule wa kwanza huirudisha filamu nyuma kwa rimoti, ushindi ule ukafutika.

Sisi hatukubali. Achukiaye ulevi hafungui kilabu ili awahubirie walevi. Suto linalorudiwa kwa kukatiwa tiketi ni biashara.

Hadithi zetu nazo zina zimwi abishaye hodi kwa sauti ya mama. Lakini zimwi hushindwa, na mtoto hujifunza kutofautisha sauti na sauti. Filamu hii humfundisha kumwogopa kila aombaye, kisha humnyima hata tumaini.

Walimu, msiwakataze vijana kutazama tu. Waulizeni: hofu hii imewaachia hekima gani? Ikiwa haikuacha kitu, basi aliyevamiwa ni mtazamaji, na mlango aliufungua mwenyewe.