Likizo ya Baharini Huhesabiwa Kutoka Mwisho

Si kila maji ya karibu yafaa kuzamiwa. Mkaaji wa Kampala huliona Ziwa Victoria kila apandapo kilima, lakini akitaka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, kwa burudani na si kwa kazi, mwishowe huulizia njia ya Mombasa, ambayo ni safari ya kilomita zipatazo 1,150. Jambo hilo huwashangaza wengi. Yafaa lielezwe, kwa kuwa kijana wa jeshi au wa polisi, aliyezoea kuutegemea mwili wake, huweza kukosea mahali ambapo nguvu za mwili hazisaidii kitu.

Ziwa Victoria ni pana sana, lakini kina chake si kikubwa; mahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Kandokando ya fuko zake maji yamejaa mwani pamoja na matope yaletwayo na mito, na aliye chini ya maji pengine hawezi kuviona vidole vya mkono wake mwenyewe. Baadhi ya sehemu zina mamba na viboko, na fuko nyingi zina konokono waenezao kichocho. Wazamiaji wa polisi na wa jeshi wanalijua ziwa hilo kwa njia yao. Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilipozama upande wa Mukono na kuua watu zaidi ya 30, wao ndio walioitwa kushuka gizani kuitafuta miili. Hiyo ni kazi ya ujasiri yenye mafunzo yake na viongozi wake. Haifai kuigwa na mtu aliye likizoni.

Tena, uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ile ya pwani. Kwa sababu hiyo majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayawezi kutumiwa vivi hivi. Mbizi ya mita 20 ziwani huhesabiwa kama mbizi ya mita 22 au 23 baharini. Katika Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale, ambalo liko karibu mita 2,000 juu, tofauti huwa kubwa zaidi. Maji yake yanapendwa na waogeleaji, lakini anayeanza kujifunza kuzamia hapaswi kuanzia mahali penye hesabu ngumu namna hiyo.

Pwani ya Kenya ndiyo bahari iliyo karibu kwa njia ya barabara. Huko kuna hifadhi za bahari zinazolindwa na serikali: Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, Mombasa, na Kisite-Mpunguti upande wa kusini, ambako watu hupanda mashua kutoka Shimoni. Mzamiaji huona miamba ya matumbawe, kasa, taa, pweza na makundi ya samaki wa rangi nyingi. Mbele ya fuko za kaskazini mwa Mombasa kuna pia meli iitwayo MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka wa 2002 ili samaki wapate makao. Meli hiyo imelala karibu mita 30 chini, na kwa hiyo haimfai mwanafunzi, ambaye cheti chake cha kwanza humruhusu kufika mita 18 tu.

Majira nayo yana maana. Maji huwa safi na bahari hutulia zaidi wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi inapovuma kwa nguvu, pamoja na mvua za masika, mawimbi huinuka, mchanga huchafua maji, na safari nyingi za mashua huahirishwa. Anayeomba likizo ya mwezi wa Mei kwa ajili ya kuzamia huenda akaitumia kuitazama bahari kutoka barazani.

Hata hivyo jambo kubwa kuliko yote haliko majini. Liko katika barabara ya kurudi nyumbani. Mtu anapovuta hewa ya mtungi chini ya maji, uzito wa maji huifanya gesi ya naitrojeni iingie kwa wingi katika damu na nyama za mwili. Akipanda juu polepole, gesi hiyo hutoka taratibu kwa njia ya mapafu bila madhara. Akipanda kwa haraka, hutokea kama katika chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ghafula: mapovu hujitokeza mwilini, yakaziba mishipa midogo au kuumiza viungo na uti wa mgongo. Wako waliopooza kwa sababu hiyo. Na mzamiaji akishatoka majini gesi haijamwisha. Huendelea kutoka kwa saa nyingi akila, akilala au akiwa safarini.

Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya wazamiaji hushauri kwamba aliyezamia mara moja tu asipande ndege kabla ya saa 12 kupita. Aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo angoje walau saa 18. Na aliyefanya mbizi nzito, za kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, angoje zaidi ya saa 24. Ndani ya ndege hewa huwekwa iwe kama ile ya mahali palipo mita 2,400 juu au chini ya hapo. Ushauri huo ulitungwa kwa ajili ya abiria wa ndege, lakini mwili hautofautishi kupandishwa na ndege na kupandishwa na basi.

Yafaa basi msomaji aitazame barabara. Kutoka Mombasa nchi huinuka bila mtu kuhisi. Voi imekwisha kupita mita 500. Nairobi iko karibu mita 1,700. Baada ya Nakuru, barabara ya Eldoret hupita Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700, kisha ndipo huteremka kuelekea Malaba na Kampala. Aendaye kwa njia ya Kericho na Busia naye huvuka nyanda zilizo juu ya mita 2,000. Kwa maneno mengine, abiria aliyejifunika blanketi ndani ya basi pale Timboroa yuko juu kuliko abiria wa ndege anavyohesabiwa kuwa.

Mfano wa nyumba moja watosha kuonyesha maana ya jambo hili. Sajini ana likizo ya siku kumi. Siku mbili ni za kwenda na siku nne za masomo ya kuzamia. Anakusudia kuzamia siku ya saba na ya nane, kisha kupanda basi jioni ile ile ya siku ya nane, ili apate siku moja ya kupumzika nyumbani kabla ya kurudi kwenye gwaride. Mkewe ndiye anayeandika matumizi ya nyumba. Analifungua daftari, anachora mstari na kuanza kuandika saa.

"Baba watoto, saa tisa alasiri unatoka majini. Saa tisa usiku basi liko Nairobi. Hizo ni saa kumi na mbili tu, nawe umekuwa ukizamia siku kadhaa mfululizo. Saa kumi na nane hazijatimia, nawe uko Timboroa."

"Mama watoto, mimi mzima. Nimetembea na mzigo mgongoni usiku kucha, seuze kukaa ndani ya basi?"

"Hakuna aliyesema u mgonjwa. Hesabu ndiyo inayosema saa hazijatosha."

Wanaipanga upya likizo. Mbizi za mwisho zinafanywa siku ya saba na kumalizika kabla ya adhuhuri. Siku ya nane nzima hakuna anayezamia. Familia inakwenda Mji wa Kale na Fort Jesus, watoto wanacheza mchangani. Siku ya tisa alfajiri wanaanza safari, hali saa zaidi ya 36 zimekwisha kupita. Sajini amepoteza mbizi mbili na siku moja ya kulala nyumbani. Kwa bei hiyo amenunua usalama wa miguu yake, ambayo ndiyo mtaji wa askari.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye kutaka kujifunza hana budi kupata ruhusa ya wakubwa wake ya kutoka nje ya nchi na kupimwa na daktari. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au masikio mabovu asijiandikishe bila kauli ya daktari, na mama mjamzito asizamie kabisa. Mtoto hukubaliwa katika masomo kuanzia umri wa miaka 10. Wadogo zaidi wanaweza kuelea juu ya maji kwa miwani na bomba fupi la kupumulia, wakiwa chini ya macho ya mtu mzima, na wakaona matumbawe yale yale. Chuo chenyewe kiulizwe maswali bila haya: mwalimu ana cheti cha nani, anafundisha wanafunzi wangapi kwa mara moja, mashua ina mtungi wa oksijeni, na chumba cha tiba cha wazamiaji kilicho karibu kiko wapi? Chuo kinachokasirishwa na maswali hayo kiachwe.

Majini sheria za mwanzo ni chache na hazina cheo. Mzamiaji hazuii pumzi kamwe. Huvuta na kutoa hewa wakati wote. Hupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na hupumzika dakika tatu katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka. Hazamii peke yake, wala akiwa na mafua, wala akiwa amekunywa pombe. Kanali na kuruta huwa sawa mbele ya sheria hizo.

Baada ya mbizi, dalili mbaya ni maumivu ya bega au goti, ganzi, muwasho wa ngozi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu, au uchovu usio na sababu. Askari amefundishwa kuvumilia maumivu, na hapa ndipo uvumilivu unapogeuka kuwa kosa. Mwenye dalili hizo asichuliwe wala asimeze vidonge vya maumivu akaendelea na safari. Alazwe, apewe oksijeni, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa alizamia, lini na kina gani. Dalili zikitokea njiani, safari ya kupanda isimamishwe hapo hapo. Mke au rafiki anayezijua dalili hizo huweza kumwokoa mtu anayeona haya kulalamika.

Nyumba nyingi zikipanga likizo huanza kuandika siku ya kuondoka, kisha hujaza siku zilizobaki kwa raha mpaka nafasi iishe. Kwa mkaaji wa nchi ya milima anayekwenda kuzamia, daftari ligeuzwe. Iandikwe kwanza saa ambayo basi litapita Timboroa, kisha ihesabiwe kurudi nyuma mpaka ipatikane mbizi ya mwisho iliyo halali. Matumbawe yaliyokosa kuonekana mwaka huu yatakuwapo kaskazi ijayo, na mtu mzima atakuwa na miguu ya kumrudisha kuyaona.