Sola Ni Safi, Lakini Betri Iliyokufa Je?

Vijana wenzangu, na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, tuongee. Kila mtu anasema sola ni nishati safi. Ni kweli, haina moshi kama kuni na makaa. Lakini taa ikishakufa inaenda wapi? Inatupwa shimoni, inachomwa na takataka, ama mtoto anaifungua achezee.

Majivu ya kuni tunajua kuyatumia: tunamwaga chooni, harufu inapungua. Betri si majivu. Ile ndogo ya taa ikitupwa motoni inaweza kulipuka. Ile kubwa ina asidi na risasi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto polepole, bila kidonda cha kumwonyesha daktari.

Hii si hadithi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kiliwatia watu sumu, kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mtoto aliyeathirika pesa hiyo haimponyi.

Wengine watasema, muuzie mtu wa skrepa, angalau upate ya unga. Naelewa. Lakini huku Busia na Tororo, akiivunja kwa nyundo nyuma ya nyumba, asidi na risasi zinabaki kwenye udongo tunaolima.

Ombi langu: shirika likigawa taa mia, lilete pia sanduku la kukusanyia zilizokufa, fundi wa kutengeneza zinazotengenezeka, na mpango wa kurudisha zingine kwa waliouza. Kukusanya tutakusanya sisi vijana. Mikono ipo.