Gari Moja, Wazazi Wawili

Waketishe pamoja shabiki wa Toyota na shabiki wa Subaru, kisha uwatajie lile gari dogo la michezo lililotoka Japani mwaka wa 2012. Chai itapoa mezani! Toyota waliliita 86, Subaru wakaliita BRZ. Je, ni la nani?

Wa Toyota husema wazo lilikuwa lao: gari jepesi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mfano wa Corolla AE86 ya mwaka wa 1983. Wa Subaru hujibu kwamba injini ya lita 2, ambayo pistoni zake zimelala ubavu, ni yao, na kwamba yote mawili yaliundwa katika kiwanda chao mjini Ota.

Ugomvi mkubwa zaidi ni juu ya nguvu. Wengi walilalamika kuwa nguvu za farasi 200 ni chache, na turbo haimo. Lakini mhandisi mkuu wa Toyota, Tetsuya Tada, alikusudia hivyo. Alitaka dereva aonje utamu wa kona bila kukimbia kupita kiasi. Hata tairi zilikuwa za aina iliyofungwa kwenye Prius, gari la kubana mafuta!

Toleo la pili, la mwaka wa 2021, liliongezewa injini ikawa lita 2.4. Turbo? Bado haikutiwa.

Kijana unayeota usukani, zingatia hilo. Mbio hununuliwa, ustadi wa kuendesha hufunzwa.