Bei si Gharama: Nani Hulipia Safari ya Lori?

Msomaji wangu, maneno "bei" na "gharama" hukaa karibu mno, hata wengi huyachanganya. Bei ni kile anachodai muuzaji. Gharama ni kila kinachotumika hadi kazi ikamilike. Katika usafirishaji wa mizigo kati ya Jinja na Mbale, tofauti hiyo ya kamusi ni tofauti ya haki. Nasema wazi: bei ya lori inayosifiwa kuwa nafuu mara nyingi ni gharama iliyosukumwa mlangoni kwa mtu mwingine.

Tazama makadirio yalivyozoeleka. Mfanyabiashara wa Jinja anataka kupeleka sukari Mbale. Mwenye lori anahesabu dizeli ya kwenda, posho ya dereva na ya utingo, anaongeza faida kidogo, kisha anataja bei. Njia ya kupitia Iganga na Tirinyi ni takriban kilomita 150. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba lori hutumia lita moja kwa kila kilomita 3: hizo ni lita 50. Lakini lori halihamii Mbale. Lisipopata mzigo wa kurudi, litarudi tupu, na lori tupu nalo hunywa dizeli na kula matairi.

Kisha kuna gharama zisizongoja safari: bima, leseni, mshahara, riba ya mkopo, na uchakavu wa gari lenyewe. Lori likilala Mbale siku 2 likingoja mzigo, hizo zote zinaendelea kuhesabika. Kwa hiyo kadirio la kweli lina mafungu mawili: gharama za kila kilomita na gharama za kila siku. Jumlisha kilomita za kwenda na za kurudi, jumlisha siku za njiani na za kungoja, kisha gawanya kwa tani zilizobebwa. Kinyume cha hapo ni kubahatisha, na kubahatisha si kukadiria.

Wako watakaosema kwamba soko ndilo huamua bei, na kwamba asiyeweza ushindani aondoke barabarani. Nawauliza: pengo lililoachwa na hesabu mbovu hujazwa na nani?

Kwanza, hujazwa na dereva, anayeendesha usiku bila usingizi ili safari mbili ziingie katika muda wa moja. Pili, hujazwa na mkulima. Kahawa ya miteremko ya Mlima Elgon hukusanywa Mbale, kisha huelekea bandari ya Mombasa, na bei yake hupangwa na masoko ya mbali. Mchuuzi asiyejua gharama halisi ya usafiri hukata zaidi ili kujikinga, na mkulima hana daftari la kumpinga nalo.

Tatu, hujazwa na umma. Mwenye lori aliyetaja bei ndogo hutafuta fidia kwa kuzidisha mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne, na tani 56 kwa gari zima na shehena yake. Mipaka hiyo haikuwekwa kwa ukaidi wa maofisa. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukitoka tani 10 hadi 12, uzito umeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, lakini uharibifu umezidi mara mbili. Faida inaingia mfukoni mwa mtu mmoja. Mashimo tunagawana sote.

Fikiri pia kuhusu Mto Nile pale Jinja. Kwa miaka zaidi ya 60 malori yalivuka juu ya bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954. Daraja jipya, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018, na lilijengwa kwa mkopo wa Japani pamoja na fedha za serikali. Mkopo huo hulipwa kwa kodi, ikiwamo kodi ya mama muuza nyanya ambaye hajawahi kukodi lori maishani mwake. Atakayedai kwamba mzigo wake umevuka kwa bei rahisi amhesabu na mama huyo.

Basi, siku utakapotajiwa bei ya lori, iwe kwa niaba ya duka la familia, shule au chama cha ushirika, uliza: Lori litarudi na nini? Litangoja siku ngapi? Mzigo utakuwa na uzito gani kwenye mizani? Dereva atalala wapi? Akasirikaye kwa maswali hayo anakuficha anayelipa. Na madiwani wanaotoa zabuni kwa bei ndogo kuliko zote bila kuuliza lolote waambiwe hadharani kwamba hawajaokoa fedha za umma, wamezihamisha tu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Barabara ni mali yetu. Fungua daftari.