Delta Si Kaburi la Meli

Nikisema kwetu ni Kibiti, huulizwa swali moja kati ya mawili. Wengine huuliza, "Kule kwenye mauaji ya 2017?" Waliosoma historia kidogo huuliza, "Kule ilikozamia meli ya Mjerumani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu boriti.

Meli naijua. Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar, Septemba 20, 1914, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji. Julai 11, 1915, baada ya kupigwa mizinga na Severn na Mersey, mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Ni kisa kizuri. Lakini ni kisa cha wageni wawili waliogombana uani kwetu, nasi tukaachiwa kazi ya kuwaonyesha watalii mahali walipopigania.

Miaka kumi kabla ya hapo, Agosti 1905, Wajerumani hao hao walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza. Mbona Mohoro haitajwi katika safari za "historia ya Rufiji"?

Na boriti je? Kwa karne nyingi majahazi yalipakia miti ya mikoko ya pwani hii, delta yetu ikiwemo, kwenda Zanzibar, Arabuni na Ghuba. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Mgeni anayepiga picha dari zile anapiga picha jasho la wakata mikoko, na hajui. Mwaka 1898 Mjerumani aliiweka mikoko hii chini ya sheria yake ya misitu. Tangu hapo, mkata boriti na mkulima wa mpunga wanatazamwa kama wavamizi kwao wenyewe.

Mtaniambia biashara ni biashara, mtalii anataka meli. Meli ipi? Bodi lake limemezwa na tope. Mizinga yake mtu huiona Mombasa na Pretoria. Anayekuja kutafuta meli atakuta maji ya kahawia.

Anayekuja kutafuta watu atapanda boti Nyamisati, ataona madungu katikati ya mpunga, atamkuta mzee anayeijua mikoko kwa majina: mkandaa, msinzi, mchu. Huyo ndiye aanze kusimulia. Meli isubiri zamu yake.