Mbunifu na Haramia Mlangoni Pamoja

Haramia, kwa wasemaji wa Kiswahili, ni mnyang'anyi wa njiani au wa baharini. Aliyeporwa naye hubaki mikono mitupu. Anayenakili mchezo wa video humwachia mwenyewe mali yake, akamnyima malipo tu. Huenda ndiyo sababu wengi waliocheza kwa nakala katika mashine za mkononi hawakuliona jina hilo kuwa lao. Walipendelea kujihesabu miongoni mwa watunzi wa programu za nyumbani, jina ambalo Waingereza waliliazima kutoka kwa pombe ya kujipikia. Mkanganyo huo wa majina uliwadhuru watunzi kuliko ulivyoyadhuru makampuni.

Mfano ulio wazi ni Nintendo DS, mashine iliyoingia sokoni mwaka wa 2004 na ambayo zaidi ya milioni 154 ziliuzwa. DS ilikusudiwa kukubali tu kadi za michezo zilizoidhinishwa na kampuni. Ndipo zikazuka kadi kama R4, zenye umbo la kadi halali lakini zikiwa na nafasi ya kutilia kadi ndogo ya kumbukumbu. Humo mtu aliweza kuweka programu aliyoitunga mwenyewe: ya kusomea vitabu, ya kusikilizia muziki, ya kupangia ratiba. Aliweza pia kuweka makumi ya michezo aliyoichota bure mtandaoni kwa tarakilishi yake. Kadi haikubagua.

Wala programu hizo hazikuwa mzaha. Mwaka wa 2007 Jens Andersson alitoa Colors!, iliyoigeuza skrini ya DS kuwa turubai ya mchoraji, hata mkazo wa kalamu ukaamua uzito wa rangi. Aliitoa bila idhini ya Nintendo. Mwaka wa 2012 mrithi wake, Colors! 3D, aliuzwa katika duka la mtandaoni la Nintendo yenyewe, kwa mashine ya 3DS. Kilichokuwa cha magendo kilipewa kibanda sokoni!

Hata hivyo, ni wangapi walionunua R4 ili wachore? Katika jumuiya ya watumiaji, kuomba michezo ya wizi hadharani kulikatazwa, na aliyethubutu alikaripiwa. Lakini mkaripiaji mwenyewe aghalabu alikuwa na kadi iliyojaa michezo hiyo hiyo. Waliobanwa walijitetea kwamba walihifadhi "nakala ya akiba". Akiba ya nini, ikiwa nakala asilia hawakuwahi kuinunua?

Unafiki huo ulikuwa na gharama. Mnamo Februari 2009 mahakama ya Tokyo ilipiga marufuku uuzaji wa kadi hizo. Mnamo Julai 2010 Jaji Floyd wa Mahakama Kuu jijini London aliamua kwamba uwezo wa kadi kutumiwa kwa jambo halali haukuwa kinga kwa muuzaji, maadamu ilivunja kufuli ya kampuni ili ifanye kazi. Mtunzi na mwizi walifungiwa mlango mmoja kwa siku moja, na mtunzi hakuwa na wa kumtetea, kwa kuwa hoja yake ilikuwa imechakazwa na mwizi.

Makampuni nayo hayana budi kubeba sehemu ya lawama. Sony, katika miaka ya 1990, iliuza Net Yaroze, PlayStation nyeusi iliyokusudiwa wanagenzi wa kutunga michezo. Kumbe mlango wa halali uliwezekana. Kama Nintendo ingalifungua mdogo wa namna hiyo katika DS, mbunifu asingalilazimika kupita dirishani akifuatana na haramia.

Leo wanakilishaji wameshika hoja nyingine, ya uhifadhi, nayo ina uzito wa kweli: michezo mingi ya zamani haiuzwi tena popote, na iliyosalia ni nakala. Lakini aliyechota mwaka wa 2008 mchezo uliokuwa ukiuzwa dukani hawezi kuiazima hoja hiyo irudi nyuma imtakase. Inamfaa anayehifadhi sasa. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilikomesha mauzo katika duka la 3DS, na Colors! 3D, iliyokuwa imepata idhini hatimaye, ikafungiwa humo pamoja na michezo mingine.